Huwa naamka saa kumi na moja: kwa Kiingereza hiyo "huwa" inaenda wapi?

Kuna dada wa Tanga kaniandikia swali refu, nalifupisha ili twende pamoja. Anafanya kazi resepsheni kwenye loji moja upande wa Pangani, ameomba nafasi ya usimamizi wa zamu, akaambiwa aandike maelezo mafupi ya kujieleza kwa Kiingereza. Akaandika "I use to arrive early and I use to help my colleagues". Meneja wake, mzungu, akamwita, akamuuliza huku anacheka kidogo, "And now?" Dada wa watu akabaki ameduwaa, manake kichwani kwake alikuwa amesema huwa nawahi kazini na huwa nawasaidia wenzangu. Sasa anauliza: "Shikamoo mwalimu, kitu ninachokifanya kila siku nakisemaje? Huyu ananiambia I go, yule I am going, mwingine I would, mwingine I'm used to. Na mdogo wangu anayependa miziki ya Marekani ananiambia niandike I be helping. Nimechanganyikiwa kabisa."

Marahaba mdogo wangu, na pole. Kwanza nikutoe wasiwasi, meneja hakukucheka kwamba hujui Kiingereza. Yeye alisoma kitu kingine kabisa, na hicho alichokisoma kinachekesha kweli. Alisoma "zamani nilikuwa nawahi kazini na nilikuwa nawasaidia wenzangu". Mtu anaomba cheo halafu anajisifia mambo aliyokwisha kuyaacha, hata ungekuwa wewe kwenye kile kiti ungeuliza siku hizi je.

We unachofanya ni kutafuta neno la Kiingereza la kuweka pale ambapo Kiswahili kinaweka "huwa", au ile hu- ya "mimi hunywa chai", au ile -aga ya mtaani, "nakunywaga chai", ambayo walimu wa Kiswahili wanaikunjia uso lakini kuanzia Mwanza mpaka Goma watu wanaitumia bila wasiwasi. Unatafuta, unapapasa, unakutana na "use to", unaona hili linanukia mazoea, unalibandika. Kosa lilianzia kwenye kule kutafuta. Kiingereza cha ofisini hakina neno hilo kwa mambo ya sasa. Kitenzi kikikaa kitupu, bila -ing, bila "am", bila chochote, hicho chenyewe tayari kina "huwa" ndani yake. "I wake up at five" haimaanishi ndo naamka hivi, maana yake ni huwa naamka saa kumi na moja alfajiri, imetosha, hakuna cha kuongeza. "I help my colleagues", huwa nawasaidia wenzangu, basi.

Najua macho yako yanaiona hiyo sentensi kama imepungukiwa, kama mtu kasahau kitu njiani, ndo maana watu wengi wanaongeza "am" au "use to" ili ijae. Jizoeze kuiacha hivyo hivyo. Shuleni tuliiita simple present, na hilo jina limewapoteza watu wengi kwa sababu ukisikia present unadhani ni sasa hivi, kumbe kwa vitenzi vingi hiyo tensi haizungumzii sasa hivi hata kidogo, inazungumzia kilicho kawaida, kilicho ratiba, kilicho tabia. Hiyo "sasa hivi" yenyewe inachukuliwa na ile yenye "am, is, are" na -ing.

Na kinachotuponza sisi ni -na-. "Nafanya kazi" yaweza kuwa niache nipo bize, na yaweza kuwa ndo ajira yangu, Kiswahili kinamwachia msikilizaji aelewe mwenyewe kutokana na maongezi na tunaelewana vizuri tu. Kiingereza hakikuachii, kinakulazimisha uchague kabla hujafungua mdomo. Mgeni akikuuliza "What are you doing?" anataka kujua muda huu umeshika nini. Akikuuliza "What do you do?" anauliza kazi yako ni ipi maishani. Kwetu zote mbili zinaweza kutoka "unafanya nini?", na nimeshasikia mtu kwenye intavyuu anaulizwa ya pili anajibu "I am sitting". Alikuwa amekaa kweli, lakini kazi alikosa.

Nikupe mifano ya hapo hapo kaunta kwako, utaona tofauti ina faida siyo ya mtihani tu. Mgeni akipiga simu kutoka chumbani akisema "The shower is leaking", maji yanavuja sasa hivi, mpeleke fundi haraka. Akiandika kwenye kile kitabu cha maoni "The shower leaks", anakwambia hilo bomba lina ugonjwa wa kudumu, kila likifunguliwa linavuja, na pengine wageni waliopita nao waliliona. Ukimwambia mgeni "We serve breakfast from seven" umempa ratiba. Ukimwambia "We are serving breakfast" maana yake chai iko mezani muda huu, ashuke. "The power goes at night" ni tabia ya umeme wa hapo kwenu, "The power is going" hiyo taa inafifia mnaiona. Ukizichanganya mgeni atakuelewa mwishoni, lakini kuna siku atashuka saa moja usiku kutafuta chai ya asubuhi, na hapo tena sijagusa ile balaa ya saa zetu na saa zao, maana "seven" yao ni saa moja yetu, hiyo utakuwa unaijua kuliko mimi.

Kitu kingine cha hapo hapo. Hu- ya Kiswahili haibadiliki, mimi hula, wewe hula, yeye hula, wote sawa. Kiingereza nacho karibu hakibadiliki, isipokuwa kwa mtu mmoja anayesemwa pembeni, huyo anadai -s yake: I help, you help, they help, lakini "she helps". Kuisahau hiyo -s ndogo ndo kosa linaloonekana haraka kuliko lolote ukiandika. Kwenye swali na kwenye kukanusha inahamia kwa "does", haikai sehemu mbili, kwa hiyo "Does she help?" na "She doesn't help", siyo "Does she helps". Tuendelee.

Sasa utaniuliza, mbona kuna usually, kuna always, kuna every day, hayo siyo maneno ya huwa? Hayo yanasema ni mara ngapi, siyo kwamba yanaitengeneza tabia. Tabia imeshatengenezwa na kitenzi. "I usually arrive early" ni kwa kawaida nawahi, na ndani yake kuna kamlango kamefunguliwa kwamba kuna siku moja moja nachelewa. "I arrive early" haina kamlango. Kwa hiyo ukijisifia usimwage usually kila sentensi, utaonekana mtu wa kujihami. Mahali pa kuyaweka ni kabla ya kitenzi, "I always check the rooms", lakini kitenzi kikiwa ni am, is, are, yanakuja baada yake, "I am always on time". "Every day" yenyewe inapenda kukaa mwisho, na iandike maneno mawili, ukiyaunganisha inakuwa kitu kingine, cha kawaida tu cha kila siku, kama viatu vya kushindia. Na jihadhari na rarely na hardly ever, hayo yana ukanushi tumboni tayari, ukisema "I don't rarely come late" umejichoma mwenyewe.

Kuna mahali -ing inaruhusiwa kwenye mambo ya kujirudia, na hapa naomba utulie kidogo kwa sababu ndo penye utamu. Ya kwanza ni mazoea ya muda, yenye mwisho unaoonekana. "I'm working nights this month", mwezi huu napiga zamu ya usiku, mwezi ujao sijui. "I'm staying with my aunt" inaonyesha umejishikiza kwa shangazi mpaka upate chumba, lakini "I live with my aunt" hapo ndo kwako, umetulia. Ndo maana mtu aliyeajiriwa miaka mitano akiandika "I am working at a lodge in Pangani" haijakosewa kisarufi, ila inanukia kibarua, kama vile anasubiri kitu kingine. Kama ni ajira yako, "I work at a lodge in Pangani".

Ya pili ni ile ya "always" pamoja na -ing, na hii ni ya watu waliochoka. "He borrows my charger" ni taarifa, huwa anaazima chaja yangu. "He's always borrowing my charger", hapo umeshalalamika, ni sawa na sisi tunavyosema huyu naye kutwa kuazima chaja za watu! Kinachobadilika ni hisia, idadi ya kuazima inaweza kuwa ile ile. Inaweza kutumika kwa upendo pia, mtu akimsema bibi yake "she's always giving people food" kwa sauti ya kucheka ni sifa, lakini kwenye maandishi sauti haisikiki, na kwenye maandishi ya kazini mara nyingi itasomeka kama umenuna. Kwenye maelezo yako, ile sehemu uliyonitumia, umeandika "I am always helping new staffs". Ulitaka kujisifia, lakini inasomeka kama hawa wapya wamenichosha, kila saa wananisumbua. Na ukimwandikia msambazaji wa mboga "You are always bringing the vegetables late" jua umemgombeza, kama ndo nia yako sawa, kama ulitaka kumkumbusha kwa ustaarabu sema "The vegetables often arrive late". Kwa vitu visivyo na roho watu wanapenda kutumia "keeps", "The card machine keeps failing", mashine ya kadi inazingua kila mara, hiyo ni nzuri na salama.

Haya, turudi kwenye "used to" yenyewe.

"Used to" ni ya zamani tu. Inasema mambo mawili kwa mpigo, kwamba kitu kilikuwa mazoea au hali, na kwamba sasa hakipo. "I used to teach", nilikuwa nafundisha, sasa sifundishi. "There used to be a cinema here", hapa palikuwa na sinema, sasa labda pamekuwa duka la vipuri. Ile nusu ya pili, ya kwamba kimekwisha, ndiyo iliyokuponza kwa meneja. Na kuna uchawi wa sauti humo: Mwingereza akitamka "used to" ile d haisikiki, inamezwa na t, kwa hiyo "used to" na "use to" mdomoni ni kitu kimoja. Hata wenyewe wanakosea kuiandika. Kwa hiyo we uliandika "use to" ukimaanisha huwa, yeye akasoma "used to" iliyokosewa herufi, hakuna namna angejua ulichotaka.

Sasa ajabu ni kwamba hiyo "use to" yako ya wakati uliopo iliwahi kuwa Kiingereza safi kabisa. Kwenye ile Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi ya 119 mstari wa 132, mwandishi anamwomba Mungu amrehemu "as thou usest to do", yaani kama ilivyo kawaida yako kuwafanyia wanaolipenda jina lako. Ile usest ni use ya wakati uliopo, ni huwa mtupu. Baadaye watu wakaacha kuitumia kwa sasa, ikabaki ya zamani peke yake. Kwa hiyo we hujabuni kitu, umechelewa tu karne kadhaa, lakini kwenye maombi ya kazi usijitetee kwa Zaburi.

Kuna mtego wa pili wa "used to" na huu unawanasa hata wenye digrii. Haikubali kuhesabiwa wala kupimwa muda. Huwezi kusema "I used to teach in Korogwe for four years", ukishataja miaka minne, au mara tano, au kutoka mwaka fulani mpaka mwaka fulani, toa used to, weka kitenzi cha zamani kikavu, "I taught in Korogwe for four years". Kikavu hicho kinabeba kila kitu, tukio la mara moja na mazoea ya miaka, maneno mengine ya sentensi ndo yanayoonyesha ni kipi. Na kwenye sivii ndicho kinachotakiwa, kwa sababu sivii ina tarehe pembeni tayari. Usiweke pia "I was teaching" kwa sababu tu Kiswahili kinasema nilikuwa nafundisha. "I was teaching" inamwacha msomaji ameinua shingo anasubiri kitu kilichotokea katikati: "I was teaching in Korogwe when the schools closed in March 2020", hapo sawa, shule zilifungwa kwa ajili ya Korona akiwa yuko darasani. Lakini "I was teaching in Korogwe" halafu nukta, msomaji anabaki anauliza ikawaje?

Kwenye kukanusha na kuuliza, ile d inaondoka kwa sababu "did" imeshaibeba: "I didn't use to like coffee", "Did you use to live here?" Utaona wengi wanaandika didn't used to, usigombane nao, we andika hivi.

Halafu kuna pacha wake wa uongo, "I'm used to", hiyo ni nimezoea na haina uhusiano na kuisha. Hii inatupiga kwa sababu Kiswahili kinasema nimezoea kuamka mapema, mtu anaona "ku-" anaandika "I'm used to wake up early". Hapana, ni "I'm used to waking up early". Ile to hapa ni ile ile ya kwenda mahali, kama "to Tanga", inataka jina mbele yake, ndo maana unaweza kusema "I'm used to the heat", nimezoea joto. Ukitaka kuweka kitenzi inabidi ukivishe -ing kiwe jina. Kama mpaka hapa bado zinakuchanganya, angalia kama kuna am, is, was kabla ya used. Ipo, basi ni kuzoea, weka -ing au jina. Haipo, ni nilikuwa, weka kitenzi kitupu. Na kuzoea kwenyewe, ule mchakato, ni "get used to": "I got used to the night shift", nilikuja kuizoea.

Ulichoandika we, "I was used to teach nursery school", kimechanganya hao mapacha wote wawili kwenye sentensi moja, na nikikusahihisha bila kukuuliza ningeweza kukukosea, kwa sababu kinaweza kuwa nilikuwa nafundisha na kinaweza kuwa nilikuwa nimezoea kufundisha. Hapo ndipo unaona kwamba siyo suala la kupamba.

"Would" nayo. Sisi tumeipokea shuleni kama -nge-, ningekuwa na hela ningenunua, kwa hiyo tukisoma "My grandmother would tell us stories every evening" tunaelewa bibi angetusimulia hadithi kila jioni, tunabaki tunatafuta ile "kama" iko wapi. Hakuna kama. Hii ni would nyingine, ni ile yetu ya bibi alikuwa akitusimulia, yenye -ki-. Ni ya kusimulia, ina ladha ya kumbukumbu, na ina masharti: lazima msomaji awe ameshajua tunazungumzia wakati gani, na lazima kiwe kitendo, siyo hali. "We would have a bicycle" haikubali kuwa tulikuwa na baiskeli enzi hizo, kuwa na baiskeli ni hali, sema "We used to have a bicycle". Wenyewe wanapenda kufungua na used to mara moja halafu would zinafuata nyuma, "We used to live near the sea. My father would wake us before dawn and we would walk along the beach". Ukirudia used to kila sentensi inachosha. Kwenye maombi ya kazi hauna haja na would hii, iweke kwa siku utakayoandika habari za utotoni. Ila uitambue, na utambue kwamba "wouldn't" ya zamani inageuka kuwa ukaidi, "The generator wouldn't start" ni jenereta liligoma.

Kuna na "will" ya tabia, "He'll sit there all day with one soda", atakaa pale kutwa na soda moja, na bahati nzuri Kiswahili kinafanya vivyo hivyo kwa -ta-, kwa hiyo hiyo utaielewa yenyewe.

Bado moja ambayo hukuuliza lakini nimeiona kwenye maelezo yako: "I am working in this lodge since 2021". Karibu wote tunaipata hii, Dar, Mombasa, Nairobi, kwa sababu nafanya kazi hapa tangu 2021 ni Kiswahili kizuri tu. Kiingereza kinaangalia pale kitu kilipoanzia mpaka leo, kinataka "have": "I have worked here since 2021" au "I have been working here since 2021", kwa jambo hili zote mbili sawa. Ni hivyo hivyo kwa vitu vilivyojirudia mpaka sasa na huenda vikajirudia tena. Ukimpigia fundi na hapokei, "I've called him three times", nimempigia mara tatu, na bado naweza kupiga ya nne. Ukisema "I called him three times" umeshafunga hesabu, ilikuwa jana, au umekata tamaa. Na kama simu umeishika mkononi tangu asubuhi, "I've been calling him since morning", siyo I am calling him since morning.

Sasa mdogo wako na "I be helping" yake. Usimcheke, amesikia kitu cha kweli. Kiingereza cha Wamarekani weusi kina "be" ambayo ndiyo hasa hu- yetu, "she be working" ni huwa anafanya kazi, na "she working" bila be ni yuko kazini muda huu. Watu wengi huko huko Marekani wanadhani hayo ni makosa ya kutojua "is", siyo kweli, ni sarufi yenye kanuni zake. Mtafiti Janice Jackson aliwahi kuwaonyesha watoto picha za Sesame Street, kile kipindi cha watoto cha televisheni ya Marekani chenye vikaragosi, Cookie Monster anaumwa yuko kitandani bila biskuti, na Elmo ndo anakula biskuti, halafu akawauliza nani "be eating cookies". Watoto weupe walimtaja Elmo, kwa kuwa ndiye wanayemwona anakula. Watoto weusi wakamtaja Cookie Monster, kwa kuwa kula biskuti ndo kawaida yake hata kama leo anaumwa. Mtoto wa Kiswahili ukimuuliza nani hula biskuti angejibu hivyo hivyo. Ayalandi nao wana ya kwao, "he does be working". Kwa hiyo Kiingereza chenye neno la huwa kipo, ila kina wenyewe, na meneja wako akiiona "I be helping" kwenye karatasi ya mtu wa Pangani atadhani unamtania. Mwambie mdogo wako abaki nayo kwenye muziki.

Haya, maelezo yako uliyonitumia yalikuwa hivi: "I use to wake up at five o'clock. I am coming to work with the first daladala and I am checking the rooms before the guests are waking up. Before, I was used to teach nursery school in Korogwe for four years. I am working in this lodge since 2021. I am always helping new staffs."

Mi ningeyaandika hivi, bila kubadilisha maisha yako: "I wake up at five and take the first daladala to work. I check the rooms before the guests get up. Before this I taught nursery school in Korogwe for four years, so I am used to working with people who need patience. I have worked at this lodge since 2021. When new staff join us, I usually train them in their first week."

Ona sentensi mbili za kwanza hazina kipambo chochote na ndizo zinazosema huwa. Before the guests get up nayo ni ratiba, ndo maana haina -ing. Taught imesimama kavu kwa sababu ya ile miaka minne. Used to working ni ya kuzoea, ina am kabla yake, ina -ing baada yake. Hiyo ya uvumilivu nimekuongezea mimi, kama unaona imezidi ifute. Staff haina s, hata wakiwa mia. Na usually nimeiweka sehemu moja tu, kwenye kufundisha wapya, kwa sababu sijui kama ni wote au kuna wengine wanafundishwa na mwenzako wa zamu ya pili. Kama kweli ni wewe kila mara bila kukosa, itoe, andika "I train them in their first week". Lakini uwe na uhakika, meneja ana daftari la zamu, atalifungua.